Anzia kwenye ndoo ya taka: mwongozo wa kutunza mazingira nyumbani na bustanini

Ukitaka kujua nyumba yako inaharibu mazingira kiasi gani, chukua ndoo ya taka ya jana, imwage juu ya gunia kuukuu na uangalie kilichomo. Kwa nyumba nyingi za Dar es Salaam utakuta maganda ya ndizi na viazi, mashina ya mchicha, machicha ya nazi, majani ya chai, ukoko wa wali, maganda ya mayai, na juu yake vifungashio vya nailoni na chupa za maji. Zaidi ya nusu ni vitu vinavyooza. Unalipa ada ya taka ili vitu hivyo vibebwe hadi dampo la Pugu Kinyamwezi, vikafunikwe na taka nyingine, vioze bila hewa na kutoa methani, gesi inayoongeza joto la dunia kwa nguvu kubwa kuliko hewa ukaa. Wiki hiyohiyo unamlipa mtu wa mbolea.

Ndiyo maana mwongozo huu unaanzia kwenye ndoo, si dukani. Bidhaa zinazouzwa kwa jina la "rafiki wa mazingira" nyingi ni ghali na huzihitaji. Unachohitaji ni kupachika tabia mpya juu ya kazi ambayo nyumba inaifanya tayari: kufagia uwanja, kuosha vyombo, kuloweka maharage, kufua. Soma yote, kisha anza na moja. Ya pili isubiri mpaka ya kwanza ifanyike bila mtu kukumbushwa.

Hatua ya kwanza: ndoo mbili jikoni

Weka ndoo mbili, moja yenye mfuniko kwa vinavyooza, nyingine kwa vingine vyote. Ya mfuniko iwe ndogo, lita 5 au hata kopo kubwa la rangi lililosafishwa, ili imwagwe kila siku kabla haijaanza kunuka. Tandika chini yake gazeti au majani makavu yanyonye maji.

Kama nyumbani kuna dada wa kazi, mpango huu ni wake kabla haujawa wako. Kaa naye, muulizane ndoo ikae wapi ili isimpe hatua za ziada wakati anamenya viazi. Ukimletea amri tu, kwa wiki moja itafuatwa na baada ya hapo maganda yatarudi kwenye nailoni. Watoto wao hawana shida, hasa wakipewa kazi ya kumkagua baba.

Kinachoingia kwenye ndoo ya mfuniko: maganda yote ya matunda na mboga, majani ya chai, maganda ya mayai yaliyopondwa, mabaki ya ugali na wali kwa kiasi. Kisichoingia: nyama, samaki, mifupa na mafuta ya kukaangia, maana huita panya na paka wa mtaa mzima. Machicha ya nazi yana mafuta kidogo, kwa hiyo mwenye kuku awape kuku, asiye nao ayatawanye kwa kiasi kidogo. Kokwa za maembe usisumbuke nazo, hazitaoza leo wala mwezi ujao, na baadhi zitachipua ndani ya mboji yako, yaani mbolea utakayoipata mabaki haya yakioza.

Hatua ya pili: usichome majani

Kila asubuhi uwanja unafagiwa, majani ya mwembe yanakusanywa pembeni, kiberiti kinawashwa. Moshi unaingia kwa jirani, na ndani yake mara nyingi kuna nailoni zilizofagiliwa pamoja na majani. Plastiki ikiungua kwenye moto mdogo wa uani hutoa sumu, zikiwemo dioksini, na wanaozivuta ni watu wa nyumba hiyo kabla ya mtu mwingine yeyote.

Majani yale makavu ni nusu ya mboji. Bila hayo, maganda ya jikoni yatageuka uji unaonuka. Tafuta kona, simika miti minne, zungushia wavu au makuti, na kila anayefagia amwage humo baada ya kuokota nailoni. Kazi ya kufagia ni ileile, kilichobadilika ni mahali pa kumwaga.

Hatua ya tatu: rundo la mboji

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu watu wengi hujaribu mara moja, wakapata inzi na harufu, wakaacha. Karibu kila mara tatizo huwa ni maji mengi na hewa kidogo.

Chagua mahali penye kivuli, pasipotuama maji, mbali na ukuta wa nyumba kwa sababu ya mchwa. Ukiweza, fanya rundo la mita moja kwa mita moja, kimo mita moja. Dogo kuliko hapo litaoza pia, ila halishiki joto, kwa hiyo litachukua muda mrefu zaidi na mbegu za magugu hazitakufa.

Tandika chini vijiti na mabua ya mahindi, unene wa kiganja, hewa ipite. Juu yake weka majani makavu. Yale ya mwembe ni magumu kama ngozi, yapondeponde kwa miguu au yakatekate kwa panga. Fuatisha mabaki mabichi ya jikoni, kisha makavu tena. Kipimo rahisi ni ndoo moja ya mabichi kwa ndoo mbili au tatu za makavu. Ukipata samadi ya ng'ombe au kinyesi cha kuku, nyunyiza tabaka jembamba, hasa cha kuku ambacho ni kikali. Kila tabaka la mabichi lifunikwe na makavu siku hiyohiyo, nawe utakuwa umemaliza habari ya inzi. Majivu ya jikoni ruksa, lakini konzi moja moja tu, yakizidi huharibu udongo kwa uchumvi wake wa magadi.

Lowesha kila tabaka, kisha pima kwa mkono. Chota katikati ya rundo, funga ngumi, kamua. Tone moja au mawili yakichungulia kati ya vidole, unyevu ni sawa. Maji yakichuruzika, changanya makavu mengi na uligeuze. Ukifungua ngumi na donge likamwagika kama pumba, limekauka, nyunyizia maji. Wakati wa masika lifunike kwa turubai au majani ya mgomba, maana mvua ya siku tatu inatosha kulizamisha.

Baada ya siku chache chomeka kipande cha nondo hadi katikati, kiache dakika kadhaa, kichomoe ukishike. Kikiwa cha moto, vijidudu viko kazini: ndani ya rundo zuri joto hupanda hadi nyuzi 55 au 60. Kikiwa baridi na rundo ni bichi bado, limekosa maji, hewa au mabichi. Geuza kila baada ya wiki mbili au tatu, yaliyokuwa nje yaende ndani. Ukiona sisimizi wengi, limekauka. Ukisikia harufu ya choo, limelowa au mabichi yamezidi. Harufu kali ya mkojo ni kinyesi cha kuku kimezidi.

Kwa joto la pwani, miezi miwili au mitatu inatosha. Njombe au Lushoto subiri zaidi. Mboji iliyokomaa ni nyeusi au ya kahawia iliyokolea, inanuka udongo baada ya mvua, na huwezi tena kutambua ganda la ndizi. Ukiwa na shaka panda mbegu za mchicha kwenye kopo la mboji hiyo. Zikiota na kusimama wima, itumie. Zikigoma au miche ikiungua ncha, iache iive. Chekecha kwa waya wa kuchekechea mchanga, makapi yaliyobaki yanarudi kwenye rundo jipya.

Unayeishi ghorofani au chumba cha kupanga kwenye uwanja wa pamoja, tumia ndoo ya lita 20 yenye matundu chini na ubavuni, uiweke juu ya matofali na sinia chini. Mabichi, kisha konzi mbili za udongo mkavu au majani, kila siku hivyohivyo. Ikijaa, anza ya pili, ya kwanza iive. Ni vizuri pia kumwambia mwenye nyumba mapema, asije akadhani umeleta taka.

Hatua ya nne: gunia la mboga

Mboji bila bustani haina maana, na kisingizio cha "sina eneo" kimekwisha tangu watu wa Kibera, Nairobi, walipoanza kupanda sukuma wiki kwenye magunia vichochoroni. Gunia moja la kilo 100 linakaa mahali pa kiti.

Changanya udongo ndoo mbili kwa mboji ndoo moja, na kama udongo ni wa mfinyanzi ongeza mchanga. Usichote udongo kandokando ya barabara kuu wala jirani na gereji au mahali palipochomwa betri, maana unaweza kuwa na madini ya risasi, ambayo ni sumu, na mboga za majani huyabeba.

Kata kopo la rangi ubaki na bomba lisilo na chini wala juu. Lisimamishe katikati ya gunia, lijaze kokoto. Jaza udongo kuzunguka kopo, kisha livute juu taratibu, kokoto zibaki zimesimama. Jaza tena kokoto ndani ya kopo na udongo nje yake, uendelee hivyo hadi juu. Nguzo hiyo ya kokoto ndiyo njia ya maji. Usipoiweka, juu patakuwa matope na chini pakavu, na miche ya ubavuni itakufa ya kwanza.

Ubavuni toboa matundu kwa kisu, yapishane, umbali wa shubiri moja. Kila tundu mche mmoja wa sukuma wiki, figili au spinachi, mizizi ielekee chini kidogo. Juu panda nyanya, pilipili au vitunguu vya majani. Lisimame mahali penye jua angalau saa sita kwa siku. Mchicha na matembele ni bora viende kwenye tuta la kawaida au beseni lililotobolewa: mchicha unavunwa baada ya wiki tatu au nne, na matembele ni vipande vya marando tu vilivyochomekwa ardhini, hayana kiburi.

Funika udongo kwa matandazo ya majani makavu au makumbi ya nazi yaliyochambuliwa, ukiacha nafasi ya vidole viwili kuzunguka shina lisije likaoza. Hii peke yake inapunguza sana maji ya kumwagilia.

Vidukari watakuja, hasa kwenye sukuma wiki. Kwanza wapukute kwa vidole na maji. Ukiona wadudu wadogo wekundu wenye madoa meusi waache, chakula chao ni vidukari. Wakizidi, twanga kilo moja ya majani mabichi ya mwarobaini, loweka kwenye lita 5 za maji usiku kucha, chuja kwa kanga kuukuu, ongeza kipande kidogo cha sabuni ya mche iliyoyeyushwa. Nyunyiza jioni, hasa mgongoni mwa jani, kwa sababu jua huua nguvu ya mwarobaini. Ikinyesha, rudia. Sabuni ya unga usitumie, inababua majani. Na mboga ioshwe kama kawaida kabla ya kupika.

Hatua ya tano: maji yatumike mara mbili

Maji ya kuoshea mchele na mboga hayana doa, yaende moja kwa moja kwenye gunia. Maji ya kusuuzia vyombo na ya mwisho ya kusuuzia nguo yapeleke kwenye shina la mgomba au mpapai, chini, kamwe si juu ya majani ya mboga. Yale ya kwanza yenye povu zito yanafaa kwa kumwagia choo. Yaliyotiwa dawa ya kung'arishia nguo nyeupe yasifike bustanini kabisa. Na usiyalaze: maji yaliyotumika yakikaa zaidi ya siku moja yananuka kuliko choo chenyewe.

Mvua ndiyo watu wanaidharau. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ya bati ni lita moja. Dar hupata takriban milimita 1,100 kwa mwaka, nyingi zikiwa za masika, Machi hadi Mei, na kiasi za vuli. Bati la mita za mraba 40, hata ukitoa moja ya tano inayopotea, linaweza kukupa lita 35,000. Hutaweza kuhifadhi zote, lakini hata mapipa mawili chini ya mfereji wa bati yanaokoa siku nyingi za kununua madumu.

Mvua za mwanzo za msimu ziache zipite, zinaosha vumbi na kinyesi cha ndege kwenye bati. Kisha funika kila chombo kwa wavu wa dirisha uliokazwa kwa mpira. Hili halina mjadala. Mbu anayeeneza dengi huzaliana kwenye maji safi yaliyotulia, na Dar imeshapata milipuko ya dengi mwaka 2014 na 2019. Pipa lisilofunikwa ni hatari kwa mtaa kuliko faida yake kwako.

Hatua ya sita: mkaa kidogo, kapu moja

Serikali ya Tanzania ilizindua mwaka 2024 mkakati wa kufikisha asilimia 80 ya wananchi kwenye nishati safi ya kupikia ifikapo 2034. Ni lengo zuri. Wakati linafika, jiko la mkaa lipo uani na maharage yanahitaji saa mbili.

Yaloweke usiku, mwaga maji hayo asubuhi (gunia lako linayataka). Kama una umeme wa uhakika, jiko la presha la umeme linaivisha sufuria ya maharage kwa chini ya uniti moja ya LUKU, na hesabu hiyo inaushinda mkaa. Kama huna, tengeneza kapu la kupikia. Chukua kapu kubwa la ukindu, tandika ndani kitambaa, weka sufi au vipande vya sponji unene wa kiganja chini na pembeni, ukiacha shimo la kukaa sufuria barabara. Shona mto wa sufi wa kufunikia juu.

Chemsha maharage yaliyolowekwa kwa dakika 20, moto mkali, sufuria imefunikwa. Zile dakika za mwanzo za kuchemka kwelikweli usizikate, hasa kwa maharage mekundu, ambayo yana sumu inayoharibika kwa kuchemshwa tu. Hamishia haraka kwenye kapu bila kufunua, bandika mto, acha saa tatu au nne. Rudisha motoni utie nazi na viungo, yachemke tena, ule. Wali unachemka dakika tano na kukaa kapuni kama saa moja, nao hauungui wala hauna ukoko, jambo ambalo kwa baadhi yetu ni hasara. Sufuria iwe imejaa zaidi ya nusu, vinginevyo joto halitoshi, na usilaze chakula humo hadi kesho yake.

Mambo mawili ya jiko la mkaa yasisubiri kapu. Moja, acha kuwashia nailoni. Najua inashika haraka, lakini moshi wake ni uleule wa kwenye hatua ya pili, safari hii ukiwa umeinamia. Makumbi makavu na vifuu vya nazi vinashika vizuri tu. Mbili, ukimaliza kupika, zima mkaa kwa kuufunika kwenye debe lenye mfuniko, utumike tena jioni. Jiko lisilale ndani ya chumba kilichofungwa, kila mwaka linaua watu usingizini.

Ndoo ya pili

Imebaki ndoo ya vingine vyote, na sasa utaona imekuwa nyepesi. Mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku Kenya tarehe 28 Agosti 2017 na Tanzania Bara tarehe 1 Juni 2019, Rwanda ikiwa imetangulia tangu 2008, lakini vile vifungashio vyepesi vimerudi kwa mlango wa nyuma, nyanya mia tano na kifungashio juu. Kapu likae mlangoni, pembeni ya viatu, si kabatini, na chombo chenye mfuniko kiende na mtoto anayetumwa uji au maharage kwa mama lishe. Chupa za plastiki zioshe, zikanyage, zikusanye kwenye kiroba kimoja uwape waokotaji wanaouza kwa kilo. Chupa iliyochanganyika na mabaki ya mchuzi hawaitaki. Betri na balbu zilizokufa ziwekwe kopo lake, zisiingie kwenye mboji hata kwa bahati mbaya.

Ukivuna mchicha, acha mashina matatu au manne yenye afya yatoe maua. Vichwa vikikauka vikate, vipukute juu ya sinia, peta, uhifadhi mbegu kwenye chupa kavu iliyofungwa, na uandike mwezi juu yake. Msimu ujao huna haja ya kununua pakiti, na za ziada mpe jirani unayegawana naye ukuta, huenda akaacha kuchoma majani.